Mtoto Yuko Kwenye Orodha

Masomo: Kumbukumbu la Torati 14:22–27 na 16:13–17, Luka 2:41–52

 

Shule zimefungwa. Kutoka mwisho wa Oktoba mpaka mwanzo wa Januari, kama wiki kumi hivi, wale watoto wako nyumbani. Wazazi wengine wamefurahi, wengine nimewasikia wakiuliza kwa sauti ya chini watafungua lini. Msicheke sana, mnajijua.

Wiki hii nataka tuongee na wazazi wa watoto wadogo. Wale wa chekechea, Grade One, Two, Three mpaka hapo juu kidogo. Wa sekondari tuna kambi yao, na wao hata wakisahauliwa watapiga kelele. Mdogo hapigi kelele ya namna hiyo. Mdogo ukimpuuza ananyamaza tu, anatafuta simu ya mtu.

Fungua Kumbukumbu la Torati 16, anzia mstari wa 13. Mungu anawaambia Israeli washike Sikukuu ya Vibanda siku saba. Lini? Wakishakusanya mavuno, nafaka ikiwa imeingia na zabibu zimekamuliwa. Yaani pesa imeingia. Kwa lugha ya kwetu, bonasi imetoka. Mwaka wa fedha wa KTDA unaisha Juni, halafu bonasi kwa kawaida inaingia kwa akaunti mwezi wa Oktoba, na watoto wanafunga shule karibu wakati huo huo. Kwa hivyo hiyo sikukuu ya Musa ilikuwa na kalenda kama ya Litein na Kapkatet. Sisi wa huku Soin wa miwa tuna kalenda yetu, malipo huja siku yanapokuja, lakini tumeelewana.

Sasa pesa ikiwa imeingia, Mungu anasema nani afurahi? Soma mstari wa 14 polepole, na kidole juu ya karatasi. Ni orodha. Anamtaja mwenye shamba mwenyewe, halafu nani anafuata? Mwanawe. Halafu binti yake. Hapo ndipo wanafuata wafanyakazi wa kiume na wa kike, Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Mtoto ni namba mbili, na msichana ametajwa kwa nafasi yake mwenyewe, hakuwekwa chini ya kaka yake. Ningekuwa natunga mimi hiyo orodha na akili ya kibinadamu, namba mbili ningeweka mzee wa kijiji, ama yule tunayedaiwa naye.

Ndugu yangu baba, wacha niongee na wewe kwanza kwa sababu mama nitamfikia. Kuna kitu kinafanyika kwetu kila Oktoba na sote tunakijua. Bonasi ikiingia, kuna wanaume wanaenda mjini Ijumaa na wanaonekana nyumbani Jumatatu. Hoteli zinajaa, nyama inachomwa, watu wananunuliana. Kwa mdomo wa huyo mtu amefurahia mavuno yake, na ni kweli amefurahia, lakini kwa ile orodha amefanya namba moja peke yake akafunga kitabu. Mtoto aliyekuwa anashikilia kikapu mama akichuna, aliyekuwa anaachiwa nyumba kuanzia saa kumi na moja asubuhi ndio majani yafike kituoni mapema, huyo hajui bonasi ni nini. Anajua tu kwamba baba alipotea siku tatu.

Na wewe ambaye hulewi, usiseme amina haraka. Kuna mwingine ameokoka vizuri kabisa, pesa yote ameweka kwa mabati, kwa ng'ombe wa gredi, kwa karo ya Januari. Hayo ni mambo ya maana, na mimi nilisoma biashara, siwezi kusimama hapa nikuambie usiwekeze. Lakini Mungu kwa sheria yake alitenga siku saba za mwaka ambazo faida yake ni furaha tu. Ukishaweka kila shilingi kwa kitu kitakachozaa kesho, utakuwa na mtoto wa miaka kumi na nane anayejua bei ya kila kitu na hana kumbukumbu moja ya baba yake akicheka.

Mtu ataniambia, mchungaji, sisi hatuna. Kiwanda kilileta kidogo mwaka huu. Mashine ya kuchuna imechukua kazi yangu kule kampuni. Hiyo naielewa, na kwa sababu hiyo nilisoma Luka 2. Luka anasema wazazi wa Yesu walikwenda Yerusalemu kila mwaka kwa Pasaka. Kila mwaka. Kutoka Nazareti ni zaidi ya kilomita 100, kwa miguu, kama mtu atoke Kericho mjini atembee mpaka Nakuru akiwa na mzigo na watoto. Na hawa hawakuwa matajiri. Rudi nyuma kwenye mstari wa 24 wa sura hiyo hiyo, uone sadaka waliyotoa Yesu alipozaliwa: ile ya ndege wawili. Sasa nenda Walawi 12:8 uone ni nani alikuwa anaruhusiwa kuleta ndege. Ni yule ambaye mkono wake haukufika kununua mwana-kondoo. Familia ya ndege wawili ilikuwa na safari ya mwaka. Haleluya?

Waliwezaje? Moja, walikwenda kwa kundi, na jamaa na watu wanaojuana, ndio sababu walitembea siku nzima wakidhani Yesu yuko na wengine. (Kina mama, hapo pia mjifunze kuhesabu watoto kabla gari haijaondoka.) Pili, Israeli walikuwa wanajua kuweka. Hii wengi hawajawahi kuisoma. Kumbukumbu la Torati 14 kuanzia mstari wa 22: walitenga sehemu ya mazao ya mwaka kwa ajili ya kwenda kula mbele za Bwana na nyumba yao yote. Na kama njia ilikuwa mbali, waliambiwa wauze, wafunge fedha mkononi, wakifika kule wanunue chakula ambacho roho zao zinatamani. Hiyo ni akaunti ya sikukuu! Mungu aliwafundisha kuweka akiba ya kufurahi kabla benki haijabuniwa. Najua mstari wa 26 umetaja na vinywaji vingine, hiyo tutaifundisha siku nyingine na Mchungaji Mkuu akiwepo. Na tafadhali mtu asije kuniambia zaka yake ya Desemba ameila Kisumu kwa sababu mimi nilisema. Zaka ni zaka. Mimi naongea juu ya pesa yako ile inabaki.

Hesabu ni hii. Shilingi 50 kwa wiki, kuanzia Februari mpaka Novemba, ni kama wiki 40. Hiyo ni shilingi 2,000. Iweke mahali ambapo kuitoa ni shida, kwa chama ama kwa simu ukiwa umeifunga. Waambie watoto ipo, waone ikikua. Mtoto wa miaka sita akijua mnaweka pamoja, hata kwa duka hatakusumbua na peremende kama zamani. Jaribuni. Tena mstari wa 17 wa sura ya 16 unasema kila mtu atoe kadiri ya baraka aliyopewa. Bajeti ya Krismasi yako inatoka kwa baraka yako. Haitoki kwa jirani aliyepost picha akiwa Mombasa.

Sasa tufanye nini na hawa watoto? Nitasema ninayoyajua ya hapa kwetu.

Ya kwanza haina nauli. Walawi 23:42 inasema waliishi kwa vibanda siku saba. Hebu fikiria wewe ni mtoto wa miaka mitano huko Yuda, baba yako anakata matawi, anajenga kibanda nje ya nyumba na mnalala huko wote. Unafikiri huyo mtoto alisahau? Mungu alijua mtoto hafundishwi kwa kuambiwa kaa chini nikuambie. Jenga kibanda, baba. Hapa Soin kuna joto, migomba iko, majani ya miwa yako. Jumamosi moja tu. Mtoto ashike kamba, ashike panga lile butu, muweke mkeka, jioni mchome mahindi, usimulie vile Mungu aliwatoa mlikotoka. Vile kogo alikulea. Vile mlilala njaa mwaka fulani. Wengine wetu watoto hawajui kabisa kwamba tuliwahi kukosa viatu. Kama wewe uko juu kule kwa baridi, fanyeni mchana, maana mnajua mvua ya Kericho inakuja saa nane kama mtu aliyealikwa, na wakati mwingine na mawe.

Hiyo inanileta kwa kubadilishana watoto. Mungu ametupa sisi wa kaunti hii bara mbili kwa nauli moja ya matatu. Huku chini kuna joto, maembe na miwa. Kule juu kuna baridi, chai na msitu. Watoto wa Kipsitet wangapi wamewahi kuchuna majani mawili na chipukizi kwa mkono wao wenyewe? Na wale binamu zao wa juu, wangapi wamekula embe juu ya mti? Mpeleke wako kwa kogo yake wiki moja, na wao walete wa kwao wiki nyingine. Lakini fika mwenyewe. Usimfunge mtoto kwa boda na begi. Lala siku moja, mama akunywe chai na mama mkwe wake, mengine yatapona hapo hapo bila mkutano wa wazee.

Na akiwa kwa kogo, aombe afundishwe mursik. Nasema hivi kwa uzito. Ile kazi ya kuosha sotet, kuchoma kijiti cha senetwet, kusugua ndani na ule mkaa, kuweka maziwa na kungoja siku zake, inaenda kupotea na wazee wetu. Mtoto atajifunza kuna vitu huwezi kuharakisha. Mvulana pia afundishwe, hakuna aya inayomkataza.

Ya kutoka na nauli ziko mbili ninazopenda. Moja ni ziwa. Kutoka huku Soin hadi Kisumu ni kushuka tu kupitia Awasi na Ahero. Mwambie mtoto kwamba Nyando unatoka milima ya kwetu na unaishia kwa lile ziwa, halafu mwonyeshe maji yenyewe. Mko karibu na njia ya reli pia, ile iliyofika Kisumu mwaka 1901 na inapita Fort Ternan na Muhoroni. Mtoto wa kiume ukimwonyesha reli tu siku imekwisha. Kisumu kuna makavazi, kuna wanyama pale Impala kando ya ziwa, na kuna kukaa tu mchangani bila kulipa mtu. Bebeni chakula kutoka nyumbani, ndizi, viazi na chai kwa chupa. Chipsi nunua sahani moja watoto waonje, maana usipofanya hivyo hawataongea kitu kingine njiani. Na mwende Novemba. Ukingoja tarehe 23 Desemba nauli itakuwa imepanda na mtakaa wanne kwa kiti cha watatu.

Ya pili ni Tenwek, upande wa Bomet. Wengi tunajua Tenwek kwa sababu ya ugonjwa, tumeenda huko tukilia. Peleka mtoto siku ambayo hakuna mgonjwa. Wamishenari walianza pale mwaka 1937, na maporomoko ya mto Nyangores yanazalisha umeme wa hospitali tangu miaka ya 1980. Simama na mtoto uangalie yale maji, umwambie, haya maji yanawasha taa ya daktari anayepasua. Halafu umwambie yakitoka hapa yanaungana na mto Amala, yanakuwa mto Mara, yanapita kwa wale nyumbu na mamba, yanaingia Tanzania na kumalizikia ziwani, lile lile ziwa la Kisumu. Mtoto atakuuliza maswali mpaka uchoke. Ukichoka, jibu tena mbili.

Mambo ya kuangalia. Novemba bado kuna mvua, mito imejaa na mabwawa yamejaa, na kila mwaka tunazika mtoto wa mtu. Mtoto wa miaka mitano hatumwi maji mtoni peke yake, hata kama ameomba. Masomo ya likizo kwa wadogo, yale ya kulipisha, sheria ya elimu ya 2013 iliyakataza, na mtoto wa Grade Two anahitaji kupanda mti kuliko anavyohitaji kuandika tena alichoandika Septemba. Simu: mimi sisemi utupe. Nasema usimpe mtoto simu ndio wewe upumzike, kisha ukashangaa hakusikii ukimwita. Na kwa sababu Desemba ni Desemba, nitasema hili mara moja na kwa sauti: msichana wa nyumba ya Mungu hakatwi. Sheria ni ya 2011, lakini kwetu hata kama haingekuwepo jibu lingekuwa lile lile. Ukisikia mipango kwa jirani, usinyamaze ukisema si wako.

Sasa nifike mahali ambapo nimeombewa sana wiki hii, kwa sababu panagusa wengi. Tumdo.

Mwaka huu nyumba nyingi hapa zina kijana anayeingia. Wengine kwa mpango wa kanisa, wengine kwa mpango wa ukoo, hiyo tumeshaongea na wazee na sitairudia. Mimi nawaza juu ya ndugu yake mdogo. Kaka yuko ndani. Nyumba imejaa wageni, hema limesimama, ng'ombe amechinjwa, shangazi wametoka Nairobi, kila mtu anaongea juu ya kaka. Huyu wa miaka sita anatumwa maji, anatumwa kiti, anatumwa chumvi, anaambiwa ondoka hapo. Dada yake wa miaka minane yuko jikoni tangu Jumatano. Kwao hiyo ndiyo Desemba. Wiki kumi za likizo, na siku yenyewe ya furaha walikuwa wafanyakazi.

Nenda Luka 15:28. Tumehubiri sana juu ya yule aliyerudi, na vazi, na pete, na ndama aliyenona. Lakini kuna kitu baba alifanya ambacho tunakiruka. Sherehe ilikuwa inaendelea, muziki unasikika, na kuna mtoto mwingine nje ambaye hakuingia. Baba akaacha wageni wake akatoka. Alitoka mwenyewe! Hakumtuma mtumishi. Baba mwenye sherehe, na ngoma imepamba moto, aliona kuna kiti cha mtoto mmoja kiko wazi. Wewe ukiwa na hema lako na mgeni rasmi na kipaza sauti, utajua kiti kipi kiko wazi?

Kwa hivyo naomba kila nyumba yenye tumdo: siku hiyo mpeni mdogo kazi yenye heshima. Ashike Biblia wakati wa maombi. Akaribishe kogo mlangoni. Awe na nguo yake. Hana, mama yake Samweli, alimshonea mtoto kanzu ndogo mwaka baada ya mwaka na kumpelekea wakati wa dhabihu ya kila mwaka, 1 Samweli 2:19. Haikuwa kanzu ya bei, lakini ili aishone alihitaji kujua urefu wa mtoto wake mwaka huo. Sokoni Sondu ama Kericho utapata mtumba mzuri kwa pesa kidogo, lakini nenda na yeye mwenyewe ajaribu, usikisie. Na kabla wageni hawajafika, asubuhi na mapema, baba amwekee huyu mdogo mkono kichwani ambariki kwa jina lake. Dakika mbili. Halafu wageni waje.

Turudi kwa ile orodha mara ya mwisho. Baada ya mtoto kuna wafanyakazi, mgeni, yatima, mjane. Mnajua kwa nini mtoto ametangulia? Nafikiri ni ili awaone wale wengine wakiketi. Krismasi mkipika, usimtume mtoto na sahani kwa mjane kama anayepeleka deni. Nenda naye, mketi dakika 20, mtoto amsikie huyo mama akiongea. Msichana anayekusaidia kazi nyumbani pia yuko kwa orodha, ametajwa wazi, kwa hivyo likizo ikifika na yeye ana kwao.

Mipango yetu. Shule ya Biblia ya likizo kwa watoto inaanza Jumatatu wiki ijayo, saa tatu asubuhi mpaka saa sita, kabla mvua haijatupata. Kila mtoto aje na kikombe. Wazazi wawili wanahitajika kila siku, na nataka baba angalau mmoja, karatasi ya kujiandikisha iko kwa mzee wa kanisa pale mlangoni. Kesha la tarehe 31 watoto watakuwa na chumba chao na magodoro, msiwaache nyumbani peke yao.

Na kuna kazi ya nyumbani. Yoshua 4, Israeli walipovuka Yordani waliokota mawe 12, kwa sababu siku moja watoto wangeuliza mawe haya ni ya nini. Wiki hii keti na watoto wako, waulize Mungu ametufanyia nini mwaka huu, na uandike jibu la mtoto vile alivyolisema, hata kama ni kwamba paka alipona. Halafu mwende pamoja mtafute jiwe moja, la kutosha mkono wa mtoto. Jumapili yaleteni. Tutayapanga hapa mbele, chini ya mimbari, na watoto ndio watakaosema ni ya nini. Sisi wakubwa tutakuwa tumeketi.